Kukalafati Giza

Mashua ikianza kuingiza maji, fundi huipandisha pwani, huiegemeza ubavu, huchokoa pamba kuukuu katika kila mwanya wa mbao, hutia pamba mpya iliyochovywa mafuta, kisha huipigilia kwa patasi butu mpaka ubao na ubao ushikane. Kazi hiyo ni kukalafati, na msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi wa Ujiji, ingawa ziwa letu halina kupwa wala kujaa, neno hilo si geni masikioni mwetu, kwani lugha iliyotufikia kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuja na vyombo vyake. Mimi hulikumbuka kila ninapofungua kamera kuukuu. Kamera nayo ni chombo, na ikizeeka huvuja, ila kinachoingia si maji, ni nuru.

Yafaa tuanze na giza. Picha hufanywa na nuru, hilo halina ubishi. Lakini nuru ipo kila mahali bure, na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa hauna picha yoyote juu yake. Kilicho adimu ni giza la kuipokea. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo 965 na kufariki Cairo kiasi cha mwaka 1040, alilitambua hilo zamani: alichunguza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo na kuingia mahali penye giza, akaandika pia juu ya sura ya jua lililopatwa inavyojitokeza kwa njia hiyo. Hata jina lenyewe la kamera asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Chumba hicho kina haki ya tundu moja tu, lile la lenzi, linalofunguliwa na kufungwa kwa amri. Tundu la pili, hata likiwa dogo kuliko ncha ya sindano, ni mgeni asiyebisha hodi.

Kila aina ya kamera ina mahali pake pa kuvujia. Kamera za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970, zile ambazo wengi wetu tuliziona zikining'inia shingoni mwa wapiga picha wa harusi, zilizibwa kwa vipande vya sponji katika mifereji ya kifuniko cha nyuma na kando ya bawaba. Sponji hiyo huoza yenyewe, hata kamera ikiwa kabatini haiguswi. Kwanza huwa unga, kisha huwa kama lami inayonata vidoleni. Huondolewa kwa spiriti na kijiti cha kuchokolea meno, polepole, na mahali pake hulazwa uzi wa sufu mweusi mferejini, na bahameli nyeusi kwenye bawaba. Kamera za Kisovieti kama Zenit zina mapazia ya kitambaa mbele ya mkanda, na kitambaa huchakaa. Ziko nyingine zisizo na kioo ndani: ukiilaza moja ikitazama jua bila kifuniko cha lenzi, tuseme kwenye sakafu ya mtumbwi njiani kwenda Gombe, lenzi hugeuka kioo cha kuchomea na pazia hutobolewa kwa muda mfupi. Na mwisho ziko kamera za kukunjwa, zenye mvukuto kama wa mhunzi kati ya lenzi na mkanda. Hizi ndizo ninazozipenda, na ndizo zinazovuja kuliko zote, kwa sababu mvukuto hukunjika palepale kila siku, na pembe za makunjo hupasuka kabla ya pengine pote.

Anayetafuta tundu asianze na kamera, aanze na mkanda. Filamu haifunikwi yote na picha. Pembezoni hubaki ukingo mtupu ambao haukupaswa kuona jua kabisa. Doa likivuka mpaka wa picha na kuingia ukingoni, nuru imeingia kwa nyuma, kwenye bawaba au kifuniko. Doa likikoma pale picha inapokoma, nuru imeingia kwa mbele, kwenye mvukuto au kwenye shata. Katika filamu za rangi kuna ushahidi wa ziada: nuru iliyopenya kwa mgongo wa mkanda huacha wekundu wa chungwa, maana tabaka inalolikuta kwanza ni lile linalonasa wekundu, iliyoingia kwa mbele huwa nyeupe zaidi.

Jambo la pili ni kwamba ndani ya kamera dunia imesimama kichwa chini. Hili watu hulijua na kulisahau. Tundu likiwa upande wa juu wa mvukuto, nuru ya angani hushuka ndani kwa mshazari na kuangukia sehemu ya chini ya mkanda. Na sehemu hiyo ya chini ndiko viliko vichwa vya watu. Picha ikisafishwa na kugeuzwa sawasawa, mchirizi mweupe huonekana ukitua juu ya bega la mtu, au ukizunguka kilemba chake, kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni kwa ajili yake peke yake. Nadhani si familia yetu pekee iliyowahi kuiona picha ya namna hiyo na kunyamaza.

Sasa niseme picha yetu ni ipi.

Ni ya bibi yangu mzaa mama. Amesimama kwenye mlango wa nyumba yake Ujiji, amejifunga kanga, mkono mmoja umeshika mwimo, macho yanamtazama mpiga picha moja kwa moja wala hacheki. Juu ya bega lake la kushoto inapanda michirizi miwili ya nuru, mmoja mnene na mmoja mwembamba, mpaka karibu na sikio. Hakuna picha yake nyingine. Alifariki mwaka 1963, na mama mkubwa, bintiye wa kwanza, alikuwa wakati huo amepelekwa Tabora kulelewa kwa jamaa wa baba yake tangu mwaka 1960. Picha ilimfikia huko ndani ya furushi la nguo za marehemu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliambiwa ilipigwa na mpiga picha wa kupita, na ile michirizi akaambiwa ni nuru ya uradi, kwa sababu bibi alikuwa mtu wa uradi usiku na mchana. Mama mkubwa ameishi na maelezo hayo miaka sitini, na mimi sikupata kuona sababu ya kumnyang'anya.

Lakini katika nyumba yetu kulikuwa na jambo jingine lililosemwa kwa sauti ya chini. Bibi alikuwa na kaka mmoja, karani wa reli katika stesheni ya Kigoma, pale ilipokomea reli ya kati iliyofika ziwani mwaka 1914. Mimi namwita babu. Mwaka 1960 waligombana kwa ajili ya nyumba ya urithi, akaapa kuwa hatakanyaga tena mlangoni kwa dada yake. Kutoka Kigoma hadi Ujiji hazifiki kilomita kumi, mtu huenda na kurudi kwa baiskeli kabla ya adhuhuri. Na hadithi iliyotufikia ni kwamba kilomita hizo hazikukatwa tena, kwamba ndugu hao wawili walifarikiana hawajasemezana. Msomaji anajua uzito wa kukata udugu. Babu aliishi hadi 1987. Kila mwaka hitima ya wazee wetu iliposomwa, karatasi ya majina ya marehemu iliandikwa kwa mkono wa mama mkubwa, na jina la babu halikuwemo. Hakuna aliyeuliza.

Mwaka 2022 mwanawe babu, anayekaa Mwanga, alihama nyumba na kunipa vitu viwili kwa kuwa alijua nina wazimu wa vitu hivyo: kamera ya kukunjwa iliyotengenezwa Ujerumani baada ya vita, na kopo la biskuti lenye negativu thelathini na moja. Babu alikuwa akipiga picha siku za mapumziko, kwa mapenzi tu, hakuwa na studio. Studio zilikuwa na majina yao. Picha za A. C. Gomes wa Zanzibar zilibandikwa kwenye kadi zilizopigwa chapa ya jina lake. Ranchhod Oza naye alianzisha Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na mpaka leo mtu akiitaja pana anayejua. Picha za babu hazina muhuri. Yeye alichofanya ni kuandika kwa penseli, kwenye bahasha za baadhi ya negativu, tukio na mwaka.

Nilizitandaza juu ya kioo mbele ya dirisha. Za kwanza, hadi 1959, zilikuwa safi. Ile ya sherehe za Uhuru, Desemba 1961, yenye bendera mbele ya stesheni, ilikuwa na mchirizi mmoja. Ya harusi moja ya mwaka 1964 ilikuwa na miwili. Za baada ya hapo zilikuwa na mitatu. Yote ilikoma sawasawa kwenye mpaka wa picha, haikuvuka kwenda ukingoni, kwa hiyo ilikuwa ya mvukuto; na yote ilishuka mahali pamoja, kwa mshazari uleule, mmoja mnene na wa pili mwembamba kando yake. Nilikaa kitambo nikiitazama ile ya harusi. Mchirizi mnene na mchirizi mwembamba. Nilikuwa nimewahi kuwaona wawili hao, na si katika kopo hilo.

Kusema haraka kungekuwa rahisi. Badala yake niliamua kwanza kuyaona matundu kwa macho yangu.

Kazi hii yataka giza la kweli. Nilingoja siku za mwisho wa mwezi wa mwandamo, zile ambazo wavuvi wa dagaa huingia ziwani. Mbalamwezi ikiwepo wao hupumzika, maana dagaa huifuata taa pale tu penye giza la kuifanya taa kuwa na maana. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri, lakini ukisimama ufukweni Ujiji mwonekano ni uleule: mstari wa nuru ndogo ndogo kwenye maji meusi, na ng'ambo ya pili milima ya Kongo usiyoiona. Nilijifungia chumba cha nyuma, nikaziba nyufa za mlango kwa blanketi, nikakaa robo saa bila kufanya lolote ili macho yazoee. Kisha nikafungua mgongo wa kamera, nikaingiza tochi ndogo ndani, nikazungushia kitambaa cheusi mahali palipobaki wazi, na kuuvuta mvukuto mpaka mwisho. Ndipo nikauzungusha mbele ya uso wangu taratibu, kwa sababu tundu la makunjo haling'ai ila ukilikabili kwa pembe yake. Yalikuwa matatu, kwenye pembe ya juu upande mmoja: kubwa, dogo, na dogo zaidi. Niliyachora kwenye karatasi pamoja na vipimo vyake kabla ya kutoka gizani.

Jaribio la mkanda lilifuata. Niliweka filamu mpya, picha kumi na mbili. Saa nne asubuhi niliisimamisha kamera kwenye miguu mitatu mbele ya mlango uleule wa bibi, ambao ungalipo, ingawa ubao wake umebadilishwa. Picha ya kwanza niliipiga mara tu baada ya kuufungua mvukuto. Ya pili niliacha kamera wazi dakika moja kabla ya kupiga. Ya tatu, dakika tano. Ya nne, kumi. Baadaye nilirudia, safari hii nikiyaziba matundu kwa zamu kwa kipande cha nta nyeusi: kwanza kubwa, halafu dogo, halafu la tatu. Watoto walikuja kutazama mtu anayepiga picha mlango usio na mtu. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba wenyewe wamekwenda shambani.

Juu ya kusafisha sitarefusha. Dawa inataka ubaridi wa nyuzi 20 na maji ya bomba yetu hayakaribii hapo. Mtungi wa udongo uliofunikwa gunia bichi ukilala barazani hupunguza nyuzi kadhaa, na muda hupunguzwa kwa zilizobaki.

Mkanda ulipokauka ulikuwa na majibu mawili. La kwanza nililitarajia: tundu kubwa ndilo lililotoa mchirizi mnene, tundu dogo mwembamba, na la tatu, lililotoboka baadaye, ndilo lililotoa ule wa tatu. Picha ya bibi ina miwili. Basi ilipigwa na kamera hii, baada ya Desemba 1961 ilipokuwa na tundu moja, na kabla ya kifo chake mwaka 1963. Ugomvi ulikuwa wa 1960.

Jibu la pili sikulitafuta. Mchirizi hukua kwa kungoja. Shata ikiwa imefungwa na mvukuto uko wazi, lenzi haipitishi kitu, lakini tundu halipumziki. Kila dakika inayopita hujiandika juu ya mkanda. Picha niliyoipiga papo hapo ilikuwa na kivuli tu cha mchirizi. Ile ya dakika kumi ilikuwa na ndimi mbili zilizosimama. Nilirudi kwenye kopo na kuzipima zile za zamani: harusini babu alifungua kamera, akapiga, akafunga, na michirizi ni myembamba. Hapana hata moja kati ya thelathini na moja iliyo nene kama ile ya picha ya bibi. Filamu yake na yangu si moja, jua la siku ile na la siku yangu si moja, kwa hiyo siwezi kugeuza unene huo kuwa dakika, na anayeweza kuniambia kwamba ni dakika saba au kumi na tano nitamshuku. Linaloweza kusemwa ni kwamba mtu yule alifika mlangoni, akafungua kamera yake, na akakaa nayo wazi mikononi kuliko alivyopata kukaa mbele ya mtu mwingine yeyote aliyempiga picha.

Ujiji ni mji mashuhuri kwa mkutano mmoja. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa, penye mnara wa kumbukumbu na miembe yake, na wageni bado huja kupatazama. Mkutano ule haukupigwa picha. Tunaoujua tunaujua kwa mchoro: kofia zimevuliwa, watu wamejipanga pande mbili. Stanley mwenyewe alipofika London alipigwa picha studioni pamoja na kijana Kalulu, akiwa katika mavazi ya safari, mbele ya mandhari ya kubuni. Kila mtoto wa shule amefundishwa maneno yaliyosemwa siku ile ya Ujiji, na hakuna jicho la kamera lililoyashuhudia. Nilikuwa nikipita hapo njiani kwenda kwa mama mkubwa, picha zikiwa ndani ya bahasha, nikawaza kwamba kuna mkutano mwingine wa Ujiji ambao ulipigwa picha na haukujulikana kuwa ulikuwa mkutano, na maneno yake hayapo popote.

Ndugu yangu mmoja nilipomweleza habari hizi alinipinga vikali, na hoja yake haikuwa dhaifu. Alisema: kamera si mtu. Huenda babu aliiazimisha. Huenda huyo mpiga picha wa kupita alikuwa rafiki yake. Ulichothibitisha ni kwamba mvukuto ulikuja Ujiji, hujathibitisha mkono ulioushika. Nilikubali kwamba fizikia haina la kuongeza hapo.

Mama mkubwa alinipokea barazani akichambua maharage. Nilimwamkia, nikakaa chini mkekani, nikamweleza polepole, tangu matundu hadi michirizi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, au kwa ule unyamavu wa wazee unaouma kuliko hasira, kwa kuwa nilijua naingiza mkono katika jambo la uradi wa mama yake. Aliitoa picha yake ndani ya msahafu, akaiweka kando ya ile ya harusi na ile ya mlango mtupu. Alizitazama sana.

"Kwa hiyo hii imetoka kwenye tundu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na tundu ni la kamera ya mjomba."

"Ndiyo. Ila yawezekana aliiazimisha mtu."

Alinitazama kama ninavyostahili kutazamwa. "Kamera ile? Mkewe mwenyewe alikuwa haigusi. Alikuwa akiilaza na mto wake." Akarudi kwenye picha. Baadaye akauliza lile ambalo nilikuwa sijaamua kama nimwambie: kwa nini ya mama yake ni nene hivi na ya harusi ni nyembamba? Nilimweleza habari ya kungoja. Akaniuliza alingoja muda gani, nikasema siwezi kujua, ila si kitambo kidogo.

"Mtu hasimami mlangoni kwa dada yake muda wote huo akawa bubu," alisema.

Ingewezekana kujibu kwamba watu husimama bubu muda mrefu sana, na kwamba uso wa bibi katika picha ile si uso wa mtu aliyemaliza mazungumzo. Ingewezekana pia kusema kwamba ni uso wa mtu aliyeambiwa atulie asitikisike. Sikujibu kitu. Aliirudisha picha ndani ya msahafu. Juu ya nuru ya uradi hakusema neno, wala kuikana wala kuithibitisha, na mimi sikuuliza. Hitima ya mwaka ule iliposomwa karatasi ya majina ilinipitia mkononi. Jina la babu lilikuwa la pili, chini ya jina la dada yake, kwa wino tofauti kidogo, kana kwamba karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa alipoamua.

Lilibaki suala la kamera. Yule ndugu mpinzani, ambaye sasa amekuwa mtetezi mkubwa wa matundu, alishauri yaachwe yalivyo kwa heshima. Sikubaliani naye. Chombo kinachovuja si ukumbusho, ni chombo kibovu, na babu, aliyefunga kalamu zake za ofisini kwa raba ili zisigongane, angelikuwa wa kwanza kuyaziba lau angalijua yalipo. Mchoro wa vipimo ninao, na mkanda wa jaribio ninao. Hayo yanatosha kwa ushahidi.

Basi niliikalafati. Nilijifunza kwa kuuliza na kwa kusoma, na mwishowe dawa ilipatikana kwa fundi baiskeli sokoni: solusheni ileile ya kubandikia viraka vya mpira, iliyochanganywa na masizi ya chungu yaliyosagwa laini na kuchungwa kwa kitambaa. Rangi ya kawaida haifai, hukauka ikapasuka mvukuto ukikunjwa mara ya tatu. Utepe mweusi wa mafundi umeme haufai pia. Katika joto letu gundi yake huyeyuka, hutambaa, na kubandika kunjo na kunjo. Solusheni hubaki na unyumbufu wake. Nilisafisha kila pembe kwa pamba yenye spiriti kidogo, nikapaka kwa ncha ya kijiti tabaka jembamba, nikaacha mvukuto umevutwa usiku kucha, nikapaka la pili. Kwenye tundu kubwa nililaza kwanza kipande cha hariri nyeusi kisichozidi ukucha wa mtoto, kwa ndani, ili kisionekane. Pamba nene haitumiki hapo: kamera ikikataa kufungika vizuri umeitia ugonjwa mwingine. Mwisho nikapukuta poda kidogo juu ya viraka ili makunjo yasishikane, nikarudi gizani na tochi. Hapakuwa na nyota.

Mkanda wa kwanza niliupigia Kibirizi, alfajiri, mitumbwi ikirudi na wanawake wakitandaza dagaa mchangani. Picha kumi na moja zimetoka safi, weusi ni weusi mpaka pembeni. Ya tisa ina doa la mviringo katikati, hafifu, ambalo halikutokea kwenye jaribio. Nimelikagua kwa kioo cha kukuzia. Limepita mgongoni mwa mkanda, na lina duara la kidirisha chekundu cha nyuma, kile cha kusomea namba za picha. Zamani filamu nyingi hazikuona wekundu, ndiyo maana kidirisha kikawekwa rangi hiyo. Za leo huona rangi zote, na kifuniko chake kidogo cha chuma kimelegea, hivyo kikiachwa wazi juani dakika chache huingiza kitu. Nimekibandikia kipande cha bahameli, ninakiinua kivulini tu wakati wa kuzungusha mkanda. Wa pili umo ndani sasa, umebakiza picha nne, na mama mkubwa amesema mojawapo ataipiga yeye.